Mtamba wa Winnie Asiuzwe kwa Ajili ya Kompyuta

Buhongwa,
Mwanza.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Shigela,

Shikamoo. Za huko Newala? Wifi na watoto hawajambo? Nasikia baridi ya huko mwezi huu haina adabu, mjifunike vizuri. Sisi ni wazima. Winnie ameota jino jingine na analijaribu kwa kila kitu, hata waya wa printa, mpaka nimeuninginiza juu. Ukija atakung'ata, ujiandae.

Nakuandikia kwa kalamu, mimi mwenye steshenari. Cheka tu. Ile kompyuta uliyonitumia nimeiwasha muda mrefu na bado inajinyoosha.

Kila asubuhi kilikuwa kinajitokeza kidirisha, kinaniuliza kwa upole kama niko tayari kupokea toleo jipya. Unajua tulivyolelewa, anayebisha hodi haachwi nje. Nikabonyeza ndiyo. Kumbe nimekaribisha njaa.

Ile programu ya zamani ya kuandikia ilikuwa mtu wa kazi. Naandika, printa inatoa, na redio inaimba humo humo. Hii mpya herufi zake ni zile zile, ila imejipamba mapambo ambayo hakuna aliyeyaomba, na inanitabiria mvua kana kwamba mimi sina macho. Fundi Obedi alinionyesha: kabla sijaandika hata neno, imeshakula zaidi ya nusu ya memori ya mashine. Nusu! Na imekaa tu. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu nimempa, amelilalia.

Eti waliotengeneza wanaita hayo maendeleo. Kwetu Bujora mtu akija shambani, akala ugali wa watu kumi na kulima tuta moja, hatumwiti maendeleo. Jina lake tunalo, ila siliandiki kwenye barua ya mwalimu kama wewe.

Juma lililopita walikuja watu wenye msiba, wanataka wasifu wa marehemu uchapwe kabla mwili haujatoka nyumbani. Mashine ikaganda kwenye jina la kwanza. Getruda, mjukuu wa marehemu, na mjukuu si ndiye mtani, akasema mbele ya wote, "Dada, kifo cha babu tumeshakikubali. Sasa hii yako tunaizika saa ngapi?" Wafiwa wakacheka, nami nikacheka, kisha wakavuka barabara kwa Gladness, naye ana steshenari. Tangu siku hiyo wengi wanavuka moja kwa moja, hata salamu hawaleti.

Obedi anasema mashine hii haiwezi kuongezwa memori, ninunue nyingine. "Dada, dunia inakwenda mbele." Nikamwambia iende, ila isipite na maziwa ya mwanangu.

Hapo ndipo penye shida yangu. Mama amesikia, na sasa anataka kumuuza yule mtamba aliyempa Winnie alipozaliwa, ninunue kompyuta mpya. Anasubiri neno lako tu, maana wewe ndiye mkubwa. Kaka, nakusihi mkatalie. Mtamba ana mimba. Tukimuuza, mwakani hao hao wataleta toleo lenye tumbo kubwa zaidi, na safari hiyo tutauza nini? Ng'ombe naye anakula, lakini anatoa.

Mimi nitumie ile flashi yenye programu ya zamani, uliyosema umeitunza. Obedi amekubali kuing'oa hii mpya na kuirudisha ile. Ipakie kwenye basi, jina langu uliandike kwa herufi kubwa. Naamini wateja watarudi. Sitaki mashine ya kutabiri mvua; nataka ya kuchapa, niendelee kufanya kazi na mwanangu akiwa hapa miguuni pangu, nisirudi kuuza dagaa mwaloni kule ziwani na kumwacha kwa majirani.

Msalimie wifi Hellen, na Nestory, mwambie picha yake ya trekta nimeibandika ukutani. Mama na shangazi Chenge wanawasalimu. Mungu awatunze, chaki zako zisikatike, na jiko la wifi lisipoe.

Mdogo wako akupendaye sana,
Dorotea (Mama Winnie)

Nyongeza: Nimemaliza barua, na kompyuta ndiyo kwanza inanikaribisha. Kidirisha kimetokea tena, kinauliza kwa upole ule ule kama niko tayari kwa toleo jipya zaidi. Nimebonyeza hapana. Si kazi ngumu, kaka. Nawe mwambie mama hivyo hivyo.