Seloteipu kwenye jostiki ya mzee

Lonnie, ta-ta-ta-ta. Nikiwa jikoni nilidhani ni mashine ya kufulia.

Kumbe ni jostiki niliyomfungia mzee kwenye kompyuta, ule mpini wa kurushia ndege za mchezo, unaosukumwa na mota. Inampiga kifundo cha mkono, ule uliopooza tangu kiharusi, naye anautazama tu.

Kosa ni langu. Unaijua ile sensa ya kwenye mpini, mkono ukiachia mota zinazima. Vidole vyake vimelegea, sensa haivioni, kila dakika inamzimia. Nikaiziba kwa seloteipu, kama tunavyofanya wote pale klabuni kwetu tukicheza michezo ya ndege. Mkono ukateleza, jostiki ikaendelea.

Nimechomoa waya. Mkono umevimba, Lonnie. Umevimba.

Nikamwambia, "Baba, naitupa hii takataka."

"Thubutu." Halafu polepole, "Nilikuwa napulizia ngano dawa kwa ndege, Brandt, kama zamani. Upepo ukanisukuma, nikausikia. Miaka miwili mkono huu haujasikia kitu."

Nikiitoa seloteipu, hasikii kitu. Nikiiacha, jostiki itamvunja mkono.

Bado anaitazama skrini nyeusi. "Kesho?"

"Kesho, Baba. Nitakushikia mkono kwenye mpini mpaka utue."