Maji Safi ya Agronome

Mujukuu wangu Nadine,

Barua yako imefika hapa Ruziba. Tuko wazima. Mama yako mudogo amezaa mutoto mwanaume. Unauliza kama najua ile unga ya kuzuia majani ya mahindi isioze mu shimo. Naijua sana! Ndiyo ilifanya nifukuzwe kazi wakati wa vita.

Ng'ombe za patro, bwana mwenye shamba, zilikuwa haziwezi tena kupanda mulimani kula kwa sababu ya vita, tukakata mahindi mabichi tuyafukie mu shimo ikuwe chakula yabo. Agronome, bwana wa kilimo, akanipa kifuko: "Muzee, iyi ni dawa. Changa mu maji safi, mwangia mahindi." Akaingia mu gari, akaenda. Sasa, kipindupindu kilikuwa kimeingia. Maji safi kwetu ilikuwa ile ya pipa, yenye kutiwa javel, ile dawa ya kuua vidudu vya magonjwa. Nikachanga mu ile. Tukakanyaga, tukafunika.

Siku ya kufungua, yote imeoza. Ng'ombe zikageuza kichwa. Agronome akanitukana mbele ya watu: "We mujinga! Ile ni vidudu hai, umeviua na javel!"

Hai? Nani aliniambia viko hai? Alisema dawa! Na javel ni dawa! Patro akanifukuza mi, agronome akabaki.

Nyanya yako, Mungu amurehemu, alikuwa anapika pombe ya mutama. Nilipomueleza akacheka: "Kumbe ni chachu! Angesema chachu, we mwenyewe ungetia mu javel?"

Apana, nisingetia. Neno moja tu, na mpaka leo linanichoma.

We kesho utakuwa agronome. Ukimupa mutu kifuko, umuambie ni chachu.

Babu yako, asiyekuwa mujinga.