Kawa la Bibi Lafika Ziwani

Bibi, mke wangu, shikamoo.

Lile kawa la kufunikia chakula ulilonilazimisha nilibebe kutoka Tanga limefika Mwanza salama. Masanja, ninayekaa naye chumba kimoja chuoni, alilivaa kama kofia, tukacheka sote. Nikamwambia wewe hufunika hata sufuria tupu.

Jana jioni tulikwenda kulia ugali na sato ufukweni, na kawa lako nikalibeba. Nikaona moshi mweusi unapanda juu ya ziwa, nikauliza nani anachoma nini huko.

“Moshi gani? Wadudu hao, funga mdomo!” akasema Masanja.

Kabla sijaelewa, wakatujaa hadi masikioni, na sahani yake ikawa nyeusi tii. Yangu ilikuwa chini ya kawa tangu tulipokaa, maana mkono wangu bado unakuogopa. Tukala humo wawili, tukipenyeza vidole kama wezi.

Sasa anataka kukuposa. Nimemjibu una mume, tena ana wivu.

Uchue miguu kila jioni, mke wangu. Na usinicheke: leo nimeosha vyombo, nikajikuta nafunika sufuria tupu.

Mumeo,
Hamisi