Visahani vya Makaburini

Chumbageni, Tanga

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Naomba Mungu karatasi hii ikukute umesimama kwa miguu yako, na lile goti limekupa nafasi. Sisi huku hatujambo, ila joto linatupika na mume wangu bado anakohoa vumbi la mkonge. Karafuu zimekaukaje mwaka huu?

Barua yako nimeipata. Unataka nikuchunguzie huyu Athumani aliyemposa mdogo wangu Riziki, maana jibu linangojwa, na baba mkubwa ameshalainika kwa kuambiwa kwamba bwana huyo ni mjukuu wa wakubwa waliozikwa Tongoni. Ukaniandikia pia kuwa vitu vya posa vimefika Pemba, na vikombe sita vya maua ya buluu ni vizima vyote, ila visahani vyake, kwa maneno ya bwana, vilivunjika baharini. Mama, bahari gani hiyo inayochagua visahani ikaacha vikombe? Lakini nilisema nitamwona mwenyewe kwanza.

Jumapili nikaenda Tongoni na Shangazi Mwanahawa, shangazi wa mume wangu, ambaye ni mzaliwa wa huko. Siku hizi imechongwa barabara mpaka makaburini kwa ajili ya motokaa za Wazungu wa stima. Wanashuka na kofia zao za jua, wanapiga picha kuta, wanapiga picha mbuzi, kisha wanarudi mjini kula, wakiamini wameiona pwani yetu. Mimi nami, kwa kuhurumia viatu vyangu, nikataka tupite hukohuko.

"Huko ni kwa wageni," Shangazi akasema. "Kwani wewe mgeni? Twende zetu gengeni."

Njia ya gengeni ni nyembamba, inafuata ukingo wa majabali, na chini maji yanagonga mapangoni. Hatukukutana na mtu ila mwanamke mmoja na mzigo wake wa kuni. Nikavua viatu. Kulikuwa kimya na upepo mzuri, nikawaza kwamba watu wametoka Ulaya yote ile na hawataiona njia hii, wala hawaistahili. Tena inatokea nyuma ya makaburi, mahali ambapo hakuna anayekutazamia.

Tukamkuta Athumani kazini. Amevaa kanzu nyeupe na tarbushi, mkononi ana bakora, anawaeleza wageni kwa Kiingereza cha kuokoteza na kujipiga kifua kila anapomtaja babu. Wazee wa kale walipamba makaburi yao kwa vyombo vya Kichina, na kwenye nguzo ya kaburi moja palikuwa na kisahani. Bibi mmoja wa Kizungu akatoa kisu mkobani, akaanza kukibandua. Mjukuu wa marehemu akageuka kutazama bahari! Akakohoakohoa hukohuko mpaka bibi alipomaliza, kisha akapokea bakshishi kwa mikono miwili. Motokaa zilipoondoka akatoa kichakani kifuu cha chokaa na kisahani kingine, akakibandika palepale.

Maua ya buluu niliyaona tangu pale nilipokuwa nimesimama.

"Athumani," Shangazi akaita, "hilo kaburi la nani?"

Nusura akiangushe. "Shikamoo, Shangazi. La babu yangu. Nalitengeneza kidogo."

"Kwa kisahani cha chai?"

"Wageni wanataka kumbukumbu, Shangazi. Nisipowapa hivi watabandua vile vya wazee."

"Vya wazee viko wapi?"

Akanigeukia mimi na kucheka, akidhani nitacheka naye. "Babu mwenyewe hana hasara," akasema.

Mama, nimemdharau mtu huyu kuliko ninavyoweza kuandika. Wageni angalau hawajui wanakanyaga wapi. Yeye anajua, na anageuza uso. Siku Riziki atakapolala na homa nyumbani mwake, na mtu mwenye bakshishi akasimama mlangoni, atageukia wapi?

Nilikibandua chokaa ikiwa bado mbichi, naye hakuthubutu kunizuia. Kimo ndani ya kitambaa alichokuletea mchukuzi wa barua hii. Usikioshe. Mpe Riziki mwenyewe akiweke chini ya kikombe kimoja, baba mkubwa akiwa anatazama. Vikilingana, vikombe vyote sita virudi kwa mwenyewe.

Nisalimie baba mkubwa, na umwambie sikumvunjia adabu, nimemsaidia macho. Nisalimie kaka Seif na mikarafuu yake, na bibi mkunga aliyetuzalisha sote. Shangazi Mwanahawa anakusalimu sana.

Na Riziki mwambie asione haya kunywa chai isiyo na kisahani. Kwa marehemu baba tulikunywa hivyo miaka yote, na hakuna aliyetuuza.

Mwanao akupendaye,
Zuhura