Kitanda cha Mkanada

Mama,

Nimekaa ukingoni mwa kitanda ulichonitandikia, katika kile chumba kidogo cha nyuma, hapa kwako mtaa wa Jette, huku ughaibuni. Ni adhuhuri na koti sijavua. Nakuandikia kwa aibu.

Tulikuzika Jumamosi. Wanakwaya wenzako wa mtaa wa Matonge waliimba mpaka sauti zikawakauka, na Maman Furaha, jirani yako wa chini, alipika sombe, yale majani ya muhogo, ya watu wote. Ungefurahi, ila ungelalamika kwamba chumvi imezidi.

Unakumbuka siku niliyokula kiapo cha uraia kule Montréal? Nilikupigia kwa Skype, kibendera mkononi. Ukaniuliza, "Bon, sasa Canadien ni muntu ya namna gani?" Nikakujibu kwa mbwembwe: ni mtu anayeomba radhi hata ukimkanyaga wewe, anayepanga foleni hata wakiwa wawili, asiyependa kumsumbua mtu. Ulicheka mpaka miwani ikakudondoka. Kisha ukatangaza saluni hadi saluni kwamba mwanao ni Mkanada, nami nikavimba kichwa.

Nilipokuja kukuona, baada ya miaka sita, nilifikia hotelini, mtaa wa Ixelles. Siku tano nzima. Nilikuambia kwenye simu, "Mama, sitaki kukusumbua," nikijiona mstaarabu kweli kweli. Kila siku nilipiga simu kabla ya kuja, kwa mama yangu mzazi, kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno. Nikavua viatu mlangoni, nikala, nikasema asante mara kumi, nikawahi basi.

Hukunigombeza. Wewe, uliyeweza kunigombeza kutwa kwa kijiko kilichoachwa kwenye sufuria! Ulisema tu, kwa lile jina lako la kunibembeleza, "Haina shida, papa. Kama ni vile munafanyaka kule." Nami nikaona mambo yameisha vizuri.

Na kwa maziko yako nilikuwa nimeshakodi hoteli tena. Ndiyo, Mama. Tena. Wenzangu wanatandika magodoro sebuleni kulala matanga, mimi natafuta saa ya basi. Maman Furaha akanishika mkono mbele ya watu wote, akanileta hapa, akafungua mlango. "Angalia kitanda yako," akasema. "Aliitandikaka wakati ulikuyaka. Hakuna muntu alilalaka pale."

Yaani tangu ile ziara yangu ya hotelini! Shuka nyeupe zenye majani mekundu ya Kanada. Sijui ulizitafuta wapi. Mikunjo ya dukani bado ilikuwa inaonekana. Juu ya mto kulikuwa na taulo, na soksi za sufu, kwa kuwa niliwahi kukuambia miguu yangu haipati joto. Nikasema pardon, ile samahani yetu ya Montréal. Nikarudia, pardon.

Kule nalisema neno hilo kwa mlango, kwa kiti, kwa mbwa wa watu. Wewe hujawahi kulipata kutoka kwangu. Wala nisiisingizie Kanada. Ilinipokea vizuri, na Wakanada tele hulala kwa mama zao. Mimi nilijificha tu nyuma ya adabu zao. Ukweli ni huu, na ni mchungu kuuandika: niliionea haya nyumba yako. Ule ukungu wa ukutani, kile choo mnachochangia na jirani. Nilikuwa nimezoea pazuri, Mama, nikasahau nani alinibeba mgongoni tulipotoka Bukavu.

Asubuhi nimefuta hoteli. Nitalala hapa mpaka tuanue matanga, na shuka hizi nitazifua kwa mikono yangu. Nikirudi Montréal nitazitandika chumba cha wageni. Mtu wetu yeyote akifika, asinipigie simu kwanza wala asiniombe ruhusa. Nakuahidi hilo, na ukiona nalegea, nijie ndotoni unigombeze.

Kwaheri, Mama. Nisamehe. Sasa navua koti, navaa soksi zako.

Nimekuja kukusumbua.

Mwanao,
Bahati