Kaka Yangu Ndiye Mwokoaji Wangu, na Haoni

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie na unijibu mapema, kwa sababu Jumamosi naingia majini kwenye mashindano na sijui nitatoka vipi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, kazi yangu ni kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ndiyo, kazi, nina kocha na wadhamini, ingawa mama mpaka leo akiulizwa anasema binti yake yuko kwenye mambo ya michezo. Mawimbi ninayoshindania ni marefu kama ghorofa, ukianguka huwezi kuogelea ukatoka, kwa hiyo kila mmoja wetu ana mwokoaji anayesubiri pembeni na pikipiki ya majini, anaingia kwenye povu anakunyakua kabla wimbi la nyuma halijakushukia. Mwokoaji wangu ni kaka yangu, tumbo moja, ndiye aliyenifundisha mchezo huu na ndiye aliyenibandika jina la Bata kwa sababu nilikuwa sitoki majini mpaka anivute sikio, na sijawahi kumwamini mtu mwingine.

Sasa Shangazi, kaka haoni. Kuna kinyama kimemuota kwenye kona ya jicho kwa sababu ya jua na chumvi ya miaka yote hii, kimetambaa mpaka kwenye mboni, na jicho la pili nalo limeanza, nikimuuliza anasema ni mchanga tu, acha uchuro. Kwenye kipimo cha macho cha waokoaji alikariri herufi za ukutani akiwa kwenye foleni, akapita, akaja kunisimulia akicheka, na mimi nikacheka naye. Basi nikaanza kumsaidia kimya kimya, nikanunua nguo ya majini ya manjano, nikapaka ubao manjano, nikawa naacha mawimbi mazuri ya mbali nachukua vijiwimbi vya karibu naye ili asinipoteze, alama zikashuka, kocha akaniuliza, "Dada, umeanza kuogopa?" nikakubali kwamba naogopa, maana ningejibu nini?

Wiki iliyopita mazoezini nikaanguka vibaya, ubao ukakatika vipande viwili. Nilipoibuka nikamwona kaka anakuja kasi, nikanyoosha mkono, akanipita. Akanipita Shangazi, mpaka petroli ya pikipiki yake niliinusa, akaenda kwenye kipande cha ubao kilichokuwa kinaelea, akainama, nikamsikia anasema, "Nishike mkono, Bata! Nishike, nipo hapa!" Anaongea na ubao. Nikapiga kelele, wimbi likanifunika, nilipoibuka tena ndipo akaifuata sauti yangu, akanipandisha, akanigombeza, "Ulikuwa umejificha wapi?"

Nimemwambia mama. Mama amelia, halafu akasema nisije nikamvua nguo kaka yangu mbele za watu, ana mke na watoto na kazi nyingine hajui. Na waandaaji wanamwamini mno, Jumamosi nikishamaliza mimi, anabaki kuwaokoa wasichana wanaoanza. Nikisema nimemmaliza. Nisiposema, sijui. Nifanyeje?

Bata

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pole. Kupitwa na ndugu yako huku unazama si jambo dogo, na kulibeba peke yako ni zito zaidi.

Lakini pole yangu inaishia hapo, maana umenikasirisha. Ulipaka ubao manjano ili kaka akuone, akaenda kuuokoa ubao. Unahitaji kuambiwa nini tena? Mwanamke mzima, unazima kazi yako kwa mikono yako, unakubali kuitwa mwoga, halafu unaita hayo mapenzi. Huo ni woga kweli, ila unachoogopa si wimbi. Unaogopa uso wa kaka yako siku utakapomwambia.

Mama yako namwelewa, mimi pia ni mama. Ila yeye hatakuwa majini Jumamosi.

Na kuna jambo umelitaja haraka haraka ukalipita. Hao wasichana wanaoanza. Wewe angalau unajua, ndiyo maana unachagua vijiwimbi. Wao nani amewaambia? Wataingia kwenye wimbi la kuua wakiamini kuna mtu anawatazama. Mmoja wao akipotea, utamtazama vipi mama yake?

Kwa hiyo sikiliza. Nenda kwa kaka yako leo, usingoje Ijumaa, na uende nyumbani kwake, si ufukweni mbele ya wenzake. Usizunguke. Mweleze ulichokisikia siku ile, neno kwa neno, pamoja na jina alilokuwa akiliita. Kisha mpe nafasi aende mwenyewe kwa waandaaji akajitoe, kwa sababu mtu akijitoa heshima yake inabaki. Akikataa, nenda wewe, kabla jua halijazama, na mwambie kocha ukweli akutafutie mwokoaji mwingine. Asipopatikana, Jumamosi kaa ufukweni, wadhamini na wanune.

Hicho kinyama mimi sikijui, si daktari. Madaktari wa macho wapo, na nimeambiwa vingine huondolewa. Mpeleke wewe, uketi naye kwenye benchi mpaka aitwe, na usimruhusu akae karibu na hizo herufi. Macho yakipona atarudi kazini kwa haki. Yasipopona, bado ana kichwa kilichokufundisha wewe, na hicho nacho kina kazi.

Atafoka, binti. Atakuita msaliti, na mama atasusa kupokea simu zako. Mwache afoke mpaka achoke. Mtakuwa nchi kavu, wote wawili.

Shangazi