Kanyamaza, Kwa Hiyo Karidhia

Jumamosi, Wawi. Mvua imekaa tangu asubuhi, nguo hazikauki, na mimi nimechoka na watu.

Nimechoka hasa.

Mnaonisoma hapa mnajua nina skizofrenia. Sauti zilishaondoka, namshukuru Mungu, na sindano ya kila mwezi nayo naishukuru. Kilichobaki ni hiki ambacho daktari aliniambia hakina sindano: siwezi kujua yaliyo moyoni mwa mtu kwa kumtazama uso. Mtu akicheka, sijui amefurahi au ananicheka mimi. Akiinamisha kichwa, sijui ana haya, ana hasira au kasinzia. Wenzangu wanajua tu. Mimi mpaka niambiwe.

Sasa mtu kama huyo umpe kazi gani? Umpe ya kumuuliza msichana kama anataka kuolewa!

Baba na babu wameshafariki, kwa hiyo walii wa mdogo wangu Raya, mwenye haki ya kumuozesha, ni mimi. Ameposwa na kijana wa Konde. Leo baada ya Adhuhuri nikaingizwa chumbani, mashangazi wamejaa mkekani, nimuulize mbele yao. Nikamuuliza. Raya akajifunika kanga usoni, kimya.

Kwetu msichana akiulizwa akanyamaza, ndiyo amekubali. Najua, nimelelewa humuhumu. Lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Analia? Anacheka? Wallahi sikujua. Nikamuuliza tena. Kimya. Nikamwambia atamke.

Shangazi mkubwa akang'aka: "Kanyamaza, karidhia! Wataka nini tena weye? Wamtia haya mwenzio!"

"Nataka aseme."

Ami Seif, mdogo wake marehemu baba, alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Alisema kwa upole kabisa kwamba walii sharti awe na akili timamu, na kwamba Raya ataozeshwa na yeye.

Upole ule umenikera kuliko matusi. Akili ninayo! Nimeomba neno moja tu. Watu hawa wanaweza kushinda kutwa wakibishana bei ya karafuu, hawamezi hata mate, lakini jambo la maisha ya mtu wanataka nilisome kwenye kanga. Halafu mgonjwa ni mimi.

Alasiri Raya akaniletea chai barazani. Sikumuuliza kitu, nimeshakoma. Akasema mwenyewe, macho yako sakafuni: "Namtaka, kaka. Nlikuwa nacheka, kwa haya. Na nataka uniozeshe weye, si ami."

Mnaona? Maneno hayakujaa hata kiganja, na yote nikayaelewa. Nilitaka kulia, kwa furaha. Hiyo ya kwangu naijua.

Maana hiki ndicho kitu pekee alichoniachia baba. Shamba wanalima wengine, nyumba wanaamua wengine, dawa zangu zinawekwa na shangazi. Kumuozesha Raya kulikuwa kwangu.

Nikamwambia: basi twende sasa hivi ukamwambie ami maneno hayohayo, kwa mdomo wako.

Raya akachukua kikombe kitupu. Akajitengeneza kanga kichwani. Akanyamaza.

Magharibi inakaribia, mvua haijakatika, na yeye yuko jikoni na mashangazi, nasikia vyombo tu. Nimekaa hapa najiuliza, maana safari hii sina wa kumuuliza.

Kule kunyamaza nako ni kuridhia?